Afyuni na Saratani: Hukumu Iliyochukua Nusu Karne

Mwezi wa Septemba mwaka 2020, wakati tauni ya korona ilipokuwa imefunga njia za safari na kuwatenga watu na jamaa zao, wataalamu wa maradhi ya saratani kutoka nchi mbalimbali walikutana kwa njia ya mtandao, kwa mwito wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake katika mji wa Lyon, Ufaransa, wakaweka mbele yao jambo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa limejadiliwa na makadhi na maliwali, na wafanya biashara na maaskari wa forodha, lakini halikupata kufikishwa namna ile mbele ya baraza la matabibu: je, mtu alaye au avutaye afyuni hujiletea saratani? Walipokwisha kuzipima shahada zote walizopewa, jawabu lao lilikuwa moja, nalo ni ndiyo. Afyuni, ambayo watu wa pwani huiita pia kasumba, ikaingizwa katika daraja la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, daraja ambalo tayari lilikuwa na moshi wa tumbaku, na pombe, na asbesto, na sumukuvu iotayo katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya.

Hukumu hiyo haikuvuma sana katika magazeti ya wakati ule, kwa kuwa masikio ya watu yalikuwa kwenye maradhi mengine. Walakini inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu mbili. Kwanza, inahusu kitu ambacho tangu zama za kale kimehesabiwa miongoni mwa dawa, na wala si miongoni mwa sumu. Pili, namna ilivyopatikana ni somo kwa kila mtu apendaye kujua jinsi ilimu inavyoweza kuitenganisha dawa na maradhi, pale ambapo viwili hivyo vimekaa katika kiko kimoja.

Afyuni ni utomvu wa mmea wa mpopi. Tunda la mmea huo likiwa bichi huchanjwa kwa ncha kali wakati wa jioni, maziwa yake yakatoka na kuganda usiku kucha, na asubuhi yakakwanguliwa yakiwa yamegeuka rangi ya kahawia na kunata kama ulimbo. Ndani yake mna mofini, na kodeini, na viini vingine ambavyo hospitali za leo haziwezi kuvikosa. Abu Ali ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliitaja katika kitabu chake cha Qanuni ya Tiba kuwa ni kituliza maumivu na kileta usingizi. Naye al-Biruni, mwanachuoni wa zama zile zile, aliandika habari za watu wa nchi za joto waliozoea kuila kila siku, wakianza kwa kiasi kidogo na kuongeza polepole hata wakafikia kipimo cha kuua. Hivyo, tangu miaka elfu iliyopita, sifa yake na lawama yake zilikwenda bega kwa bega. Ila lawama ile ilikuwa ni ya uraibu, na ya mtu kumeza kupita kiasi, wala hapakuwa na aliyeitaja saratani.

Hata mataifa yalipoanza kugombana kwa ajili yake, ugomvi haukuwa juu ya saratani. Uingereza ilipigana na Uchina mara mbili katika karne ya 19, kwanza mwaka 1839 hadi 1842 na tena mwaka 1856 hadi 1860, na biashara ya afyuni ilikuwa kiini cha uadui ule. Na mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kuizuia, uliotiwa saini The Hague mwaka 1912, uliandikwa kwa kuwahurumia watu waliofanywa watumwa wa uraibu. Walioutia mkataba ule saini walikuwa na haki katika walilolisema, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo macho yao hayakuliona, kwani saratani ni maradhi ya taratibu: huchukua miaka kumi, ishirini, au zaidi, baina ya chanzo chake na siku ya kudhihirika, na mtu aliyekwisha kuwa mzee anapougua, ni nani atakayeutafuta mwanzo wa maradhi yake katika kitu alichokizoea tangu ujana wake?

Shaka ya kwanza yenye uzito ilizuka kaskazini mashariki ya Uajemi, nchi iitwayo leo Irani, katika nyanda zilizo upande wa kusini mashariki wa Bahari ya Kaspi, sehemu ambayo sasa ni jimbo la Golestan. Huko wanakaa Waturkmeni, watu wa mifugo na ngano na mazulia, na wataalamu waliofika kuwahesabu wagonjwa walistaajabu sana. Mwaka 1972 watafiti wawili, Kmet na Mahboubi, walitangaza kwamba saratani ya umio, yaani ya njia ile ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilikuwa ikiwapata watu wa nyanda zile kwa wingi ambao haujapata kuonekana mahali pengi ulimwenguni: zaidi ya watu 100 katika kila 100,000 kwa mwaka. La ajabu zaidi, wanawake, ambao kwingineko huugua saratani hiyo mara chache kuliko wanaume, huko walikuwa hawapishani nao.

Katika nchi za Ulaya, saratani ya umio ilipokithiri, lawama iliangukia pombe na tumbaku. Lakini hawa walikuwa Waislamu wasiokunywa pombe, na wanawake wao aghalabu hawakuvuta sigara. Basi ikawa lazima watafutwe watuhumiwa wengine. Ilitazamwa chai, ambayo hunywewa huko ikiwa ya moto mno. Yakatazamwa mapungufu ya matunda na mboga katika chakula cha maskini. Na tena ikatazamwa afyuni, ambayo wengi waliitumia kwa siri ama kwa dhahiri, wengine wakiivuta mbichi kwa jina la teriak, wengine wakiila, na wengine wakitumia shireh, ambayo hupatikana kwa kuchemsha afyuni pamoja na masizi yaliyobaki katika kiko, kuchuja maji yake na kuyakausha. Masizi yale huitwa sukhteh, nayo hayakutupwa, kwa kuwa ndani yake mlikuwa bado mna nguvu. Maskini asiyeweza kununua afyuni safi aliyameza kama yalivyo.

Sukhteh ndiyo iliyoleta ithibati ya awali ya maabara. Mwaka 1978 watafiti waliyajaribu masizi hayo, pamoja na mofini iliyounguzwa makusudi, juu ya vijidudu vya bakteria, wakaona kwamba yanageuza maumbile ya urithi yaliyomo ndani ya vijidudu vile. Na katika miaka ya 1980 wakavitambua viini kadhaa vyenye tabia hiyo vinavyozaliwa mofini inapoungua. Kitu kigeuzacho urithi wa seli si lazima kilete saratani kwa mtu, lakini vitu vingi viletavyo saratani vina tabia hiyo, na kwa hiyo shaka iligeuka kuwa dhana yenye mashiko. Hata hivyo bakteria hawaugui umio. Ilibaki kazi ya kuwatazama watu wenyewe, na kazi hiyo ilikatizwa na mapinduzi ya mwaka 1979, na vita vya miaka minane vilivyofuata baina ya Uajemi na Iraki.

Ilipofufuliwa mwanzoni mwa karne hii, ilifanywa kwa ukubwa ambao haukupata kujaribiwa kabla yake. Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba cha Tehran, kikiongozwa katika kazi hiyo na tabibu Reza Malekzadeh, kilishirikiana na Shirika la Lyon na pia na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Na msomaji atakumbuka kwamba serikali za Uajemi na Marekani hazikuwa na ubalozi baina yao tangu mwaka 1980. Kati ya Januari 2004 na Juni 2008, watu 50,045 wenye umri wa miaka 40 hadi 75, wengi wao wanavijiji na wengi wao Waturkmeni, waliandikishwa wakiwa bado hawana saratani. Katika vijiji walialikwa kwa msaada wa wahudumu wa afya waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wanakijiji wenyewe, ambao walijua nani ni nani. Kila mtu aliulizwa juu ya chakula chake, na chai yake, na mali yake, na sigara yake, na afyuni yake: anaitumia namna gani, kiasi gani, na tangu lini. Kisha wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka, aghalabu kwa simu, na afapo mtu, matabibu waliwaendea jamaa zake na kuchunguza sababu ya mauti yake. Waliopotea njiani wasijulikane walipo walikuwa pungufu ya 1 kwa kila 100, uaminifu ambao nchi tajiri nyingi zingeuonea wivu.

Watu wapatao 8,500, yaani 17 katika kila 100, walikiri kwamba wanaitumia afyuni, na kwa wastani walikuwa wameitumia karibu miaka 13. Hapa ndipo hoja za wapingaji zilipokuwa na haki ya kusikilizwa, nazo zilikuwa tatu. Hoja ya kwanza ilisema: ni nani atakayesema kweli juu ya jambo lililokatazwa na sheria? Kwa kuijibu, mkojo wa baadhi ya watu ulipimwa kutafuta alama za mofini na kodeini, matokeo yakalinganishwa na maneno yao, na ikaonekana kwamba wengi mno walikuwa wamesema kweli. Kwani katika vijiji vile afyuni ya mzee si fedheha kubwa ya kufichwa mbele ya mhudumu amjuaye.

Hoja ya pili ilisema: mtumia afyuni aghalabu ni mvuta sigara pia, basi huenda kosa la tumbaku linabebeshwa afyuni. Jibu lilipatikana katika wingi wa watu: kati ya hao maelfu walikuwapo watumiaji ambao hawakupata kuvuta sigara katika maisha yao, na hao nao waliweza kulinganishwa na wasiotumia chochote. Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, kwani ilisema kwamba huenda jambo liko kinyume: mgonjwa huanza kuumwa na saratani ambayo hajaijua, akatafuta afyuni ili atulize maumivu, kisha mtazamaji akadhani kwamba dawa ndiyo iliyozaa ugonjwa. Kwa hoja hii, kuwauliza watu wakiwa wangali wazima na kuwasubiri kwa miaka mingi ndiyo kinga kubwa. Na juu ya hayo watafiti waliwaondoa katika hesabu wale walioanza kuitumia baada ya kupatwa na maradhi ya kudumu, na matokeo hayakubadilika sana.

Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2012, nayo yalihusu mauti kwa ujumla. Waliotumia afyuni walikuwa wakifa kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa takriban mara 1.86, baada ya umri na sigara na hali ya maisha kutiliwa maanani. Na madhara hayo hayakuwa ya wavutaji peke yao, bali waliokuwa wakiimeza nao waliyashiriki. Mwaka 2020 ikatolewa hesabu ya saratani yenyewe, baada ya muda wa kati wa ufuatiliaji wa miaka 10. Kwa saratani zote zikijumlishwa, hatari ya mtumiaji ilikuwa mara 1.40 ya asiyetumia. Kwa saratani ya mapafu ilikuwa mara 2.21, kwa zoloto, mahali pa kutokea sauti, mara 2.53, na kwa kibofu cha mkojo mara 2.86. Umio, uliokuwa chanzo cha safari yote, ulipata mara 1.38.

Ni vema nambari hizi zisomwe kwa makini, maana nambari isiyofasiriwa humtia mtu hofu asiyostahili au humpa amani asiyostahili. Mara 2.21 haina maana kwamba kila atumiaye afyuni atapata saratani ya mapafu. Maana yake ni kwamba, tukichukua makundi mawili ya watu wanaofanana kwa umri na kwa mazoea mengine, na katika kundi lisilotumia wakaugua watu 10, basi katika kundi litumialo wataugua takriban 22. Hao 12 wa ziada hawana alama usoni ya kuwajulisha kwamba wao ndio waliouguzwa na afyuni. Lakini wapo, na wana majina, na wana watoto.

Uchunguzi wa Golestan haukuachwa peke yake. Watafiti wa Uajemi walikwisha kuanzisha mwingine katika majimbo 10, wakilinganisha wagonjwa wa saratani na watu wasio wagonjwa, na huko nako afyuni ilionekana kuandamana na saratani zile zile. Ndipo baraza la mwaka 2020 likasema kwamba ushahidi umetosha kwa saratani tatu: ya kibofu cha mkojo, ya zoloto, na ya mapafu, na kwamba kwa umio, tumbo, kongosho na koromeo kuna ushahidi, ila haujafika daraja ya kukata shauri. Na ieleweke kwamba daraja la kwanza hupima uthabiti wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Vitu viwili vinaweza kukaa katika daraja hilo ilhali kimoja huua maelfu kwa maelfu na cha pili huua wachache. Jambo vinaloshirikiana ni kwamba kuua kwavyo hakuna tena shaka.

Namna afyuni inavyofanya kazi hiyo nayo si fumbo. Iunguapo, huzaa moshi wenye viini vya namna ile ile ya masizi ya kuni na tumbaku, pamoja na vile viini vya mofini iliyoungua. Moshi huo hupita katika zoloto na kuingia mapafuni. Yanayoingia katika damu hukusanywa na figo na kupelekwa kwenye kibofu, ambako hukaa pamoja na mkojo yakisubiri kutoka. Fauka ya hayo, mali ya magendo haina mkaguzi: katika mwaka 2016 hospitali za Uajemi zilipokea watumiaji wengi waliodhurika kwa risasi, madini ambayo wachuuzi huyachanganya na afyuni ili izidi uzito katika mizani. Mnunuzi hulipa fedha ya afyuni, na kwa fedha hiyo hupewa sumu mbili.

Mtu anaweza kuuliza, ikiwa ndivyo, kwa nini watu wenye akili zao waliipenda kwa muda mrefu hivi? Jawabu ni kwamba waliijaribu, nayo ikawatimizia walichokitaka siku ile ile. Ilinyamazisha kikohozi, ikafunga tumbo la kuhara, ikatuliza viungo vya mkulima aliyeinama shambani kutwa. Katika sehemu nyingi za Uajemi ilienea itikadi kwamba huufaa moyo, na hushusha sukari na shinikizo la damu, itikadi ambayo uchunguzi wa Golestan umeipinga, kwa kuwa watumiaji walionekana kufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa pia. Faida ilionekana saa ile, na madhara yakaja baada ya miaka ishirini; na binadamu kwa tabia yake huiamini saa kuliko miaka. Kwa hiyo ukongwe wa dawa si shahada ya usalama wake. Ukongwe huthibitisha tu kwamba dawa haiui upesi.

Kwetu Afrika Mashariki afyuni mbichi si mazoea ya vijiji, illa tumefungamana na habari hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni umio wenyewe: kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, uko ukanda mwingine wa saratani hiyo, na miongoni mwa yanayotuhumiwa ni chai. Huko Golestan ilikwisha kuonekana kwamba wanywao chai ya moto mno hupatwa zaidi. Na watu wa Kilimanjaro walipopimiwa chai wanayoanza kuinywa, ilikuwa na wastani wa nyuzi zaidi ya 70, ilhali mwaka 2016 Shirika la Lyon lilitaja kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 kuwa yamkini ni kisababishi cha saratani. Kuacha kikombe kipoe kidogo ni tiba isiyogharimu senti. Njia ya pili ni heroini, au unga kama vijana wauitavyo, ambao hutengenezwa kwa mofini ya mpopi na kuletwa pwani yetu kwa majahazi kutoka upande wa Makran. Unga haukuwa katika hukumu ya baraza la mwaka 2020, na madhara yake yaliyokwisha kujulikana yanatosha kuuogopesha. Aliyekamatwa nao anaweza kupata msaada, kwani tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Kenya, na Zanzibar pia.

Limebaki jambo moja, na likikosewa, makala hii itakuwa imedhuru badala ya kufaa. Mofini anayoitoa daktari kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali siyo afyuni ya kiko. Baraza halikuihukumu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Jirani zetu wa Uganda wametupa mfano mwema: tangu mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha huko huduma ya kuwatunza wagonjwa wasio na tamaa ya kupona, mofini ya maji imetengenezwa kwa bei ndogo na kupelekwa hata majumbani, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi waliofundishwa maalumu waiandike. Mgonjwa anayekufa kwa maumivu kwa sababu jamaa zake wanaogopa jina la mofini amedhulumiwa, na dhuluma hiyo haifutwi na nia njema.

Basi hukumu ni hii. Afyuni itumiwayo nyumbani, ikiwa yavutwa au yaliwa, ikiwa ni ya starehe au ni ya kutuliza mgongo, ni kisababishi cha saratani, na jambo hilo limethibitishwa na watu hamsini elfu waliokubali kuulizwa, na baadhi yao wamekwisha kufariki. Mwenye maumivu na aende hospitali, apimwe, apewe dawa kwa mkono wa ajuaye kipimo chake. Mwenye uraibu na atafute tiba bila ya kuona haya. Na mwenye kuuza utomvu huo kwa jina la dawa ya kienyeji na ajue kwamba tangu mwaka 2020 hana tena udhuru wa kutojua.